Tope la Sabaki, karamu ya ndege wa mbali

Msomaji, ukiambiwa uende Malindi likizoni, naamini kitu cha mwisho kukujia akilini ni matope. Utafikiria mchanga, madafu, samaki wa kupaka na mnara wa Vasco da Gama. Hata mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa amefunga shule, nilipomwambia kwamba tunasafiri usiku kucha kwenda kutazama tope alinikodolea macho kana kwamba nimepandwa na homa.

"Shangazi," akaniuliza, "tope si liko hata hapa mtaani?"

Liko, tena la kutosha. Mtaa wetu wa Nairobi hugeuka bwawa kila masika, na mwenye viatu vyeupe hujuta. Lakini jambo ambalo yeye hakulijua, na ambalo nami nilichelewa kulijua, ni kwamba tope la mtaani kwetu na lile tulilokuwa tukilifuata huenda ni ndugu wa tumbo moja. Mto Nairobi huingia katika mto Athi. Athi huteremka ukipita Machakos, Makueni na Kitui, hukata mbuga ya Tsavo, hukutana na mto Tsavo na kuanzia hapo kuitwa Galana. Ukikaribia bahari wenyeji huuita Sabaki. Ni mto mmoja wenye majina matatu, wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana, na kila kinachochukuliwa na maji kule juu hatimaye hutafuta njia ya kufika kilomita tano hivi kaskazini ya mji wa Malindi, mahali mto unapoingia baharini.

Hapo ndipo tulipokuwa tunakwenda.

Tulipanda tuktuk asubuhi hadi karibu na daraja la Sabaki, kisha tukaandamana kwa miguu na kijana mmoja wa hapo anayetembeza wageni. Njia ni ya mchanga na vichaka. Upande mmoja una mto wa rangi ya chai ya maziwa, na kijana akatuonya tusikaribie majani marefu kwa kuwa viboko hulala humo mchana. Mpwa wangu, aliyekuwa akilalamika tangu tushuke katika basi, akanyamaza mara moja na kuanza kutembea katikati yetu.

Maji ya bahari yalikuwa yanakupwa. Tulipokwea kilima kidogo cha mchanga tukauona mlango wa mto wote: mkondo wa maji ya kahawia, ng'ambo yake fungu refu la mchanga, na kati yake uwanja mpana wa tope unaong'aa kama bati jipya. Na juu ya bati hilo, ndege. Usidhani ni kumi au ishirini. Walikuwa mamia kwa mamia, wengine wadogo kama shomoro na wengine wakubwa kama kuku, wote wameinamisha vichwa wakila kwa haraka kama abiria waliopewa dakika tano tu kabla basi kuondoka.

Hapa naomba nikiri kosa langu. Nilitaka kupiga picha kwa karibu. Pembeni alikuwapo mzee mmoja akichimba minyoo ya chambo, ndoo yake kando. Aliponiona nimevua kiatu kimoja akasema, "Mwanangu, usikanyage hapo panapong'aa. Kanyaga hapa penye mistari." Nami, kwa ujuaji wetu watu wa mjini, nikasema ahsante mzee, nikakanyaga panapong'aa. Hatua ya kwanza ilifika kwenye kifundo, ya pili kwenye goti. Ya tatu sikuifanya. Ilibidi yule mzee na kijana wetu wanivute mikono kama wanaong'oa muhogo, na ndara yangu ya kushoto ikabaki huko hadi leo. Harufu iliyotoka shimoni ilikuwa ya yai viza.

Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilipomaliza kujipangusa, nikatazama nyuma na kuona jambo ambalo ndilo limeniandikisha makala haya. Palepale niliponasa, hatua chache tu mbele, ndipo ndege wadogo walipokuwa wamejaa. Na pale mzee aliponiambia nikanyage, penye mchanga mgumu wenye mistari ya mawimbi, hapakuwa na hata mmoja wao. Waliokuwa juu ya mchanga walikuwa ndege wa aina nyingine kabisa.

Kwa nini? Tope ni tope, mchanga ni mchanga, na mbona ndege wana mabawa ya kuwapeleka popote?

Hebu tuanze na mto wenyewe. Maji yanayokwenda kasi yana nguvu ya kubeba. Hubeba mchanga, udongo laini na ule mfinyanzi ulio kama unga. Yanapofika baharini kasi hupungua, na mzigo huanza kushushwa. Kizito hushuka kwanza. Ndiyo maana mchanga hujilimbikiza pale mawimbi na mkondo bado vina nguvu, na udongo laini husafiri hadi pale maji yanapotulia, nyuma ya fungu la mchanga au kwenye vichochoro vya mikoko. Wanasayansi wana kipimo chao: chembe yenye upana wa kati ya milimita 0.063 na 2 ni mchanga. Ndogo kuliko hiyo ni tope.

Udongo mfinyanzi, kwa wepesi wake, ungeweza kuelea siku nyingi na kupotelea katika bahari kuu. Kinachouzuia ni chumvi. Maji ya mto yakikutana na maji ya chumvi, zile chembe ndogo hushikana zikawa mabonge, kama maziwa yaliyotiwa ndimu, na mabonge hayo huzama.

Jambo hili unaweza kulijaribu jikoni na watoto. Chukua chupa mbili za jamu zenye maji, tia kijiko kimoja cha udongo wa shamba katika kila moja, na katika moja ongeza kijiko cha chumvi. Tikisa zote, uziweke dirishani. Mchanga utashuka kabla hujamaliza kusema jina lako na la baba yako. Udongo laini utachukua saa kadhaa. Kisha linganisha chupa hizo mbili kesho yake asubuhi, uone ipi imetakata upesi. Sisi tulifanya hivyo tuliporudi, na chupa ya chumvi ilikuwa imetulia wakati ile nyingine bado ni chai.

Sasa turudi uwanjani. Tope laini hushika taka za majani na vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, na hicho ndicho chakula cha minyoo, vikome vidogo na wadudu wa majini. Kwa hiyo tope mara nyingi huwa na wakazi wengi kuliko mchanga safi unaopinduliwa na mawimbi kila siku. Lakini lina kasoro yake. Chembe zake zimebanana mno hata hewa haipenyi zaidi ya milimita chache. Chini ya hapo ni giza jeusi lisilo na oksijeni, na vijidudu vinavyoishi humo ndivyo vinavyotoa ile harufu ya yai viza niliyokutana nayo. Kwa sababu hiyo wakazi wengi wa tope hujikalia karibu na uso, au hujijengea mirija ya kushushia maji yenye hewa. Ndege mwenye mdomo wa sentimita mbili hahitaji kuchimba sana kuwapata.

Aidha, tope lililojaa maji ni laini. Mguu wangu mzito ulizama, lakini kwa kitwitwi mwenye uzito wa gramu ishirini na kitu ulaini huo ni neema. Mdomo huingia bila taabu. Tope likipigwa na jua hukauka na kukaza, na minyoo nayo hushuka chini kufuata unyevu. Ndiyo sababu utawaona ndege hawa wakifuata ukingo wa maji hatua kwa hatua, yakipwa wanateremka nayo, yakijaa wanarudi nayo. Pale alipokula saa mbili asubuhi huenda pasimfae saa nne.

Nilipowatazama kwa darubini ya kijana wetu, niliona vitwitwi wenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini wakidunga tope chapuchapu, juu chini, juu chini, kama sindano ya cherehani. Waliacha nyuma yao vitundu vilivyopangwa kama mshono. Ndege hawa, msomaji, hawazaliwi hapa. Huangua mayai yao kaskazini kabisa mwa Siberia, huko ambako jua la kiangazi halituwi, kisha huruka zaidi ya kilomita 8,000 kuja kukaa nasi. Wakubwa huanza kuwasili mwezi wa Agosti, vijana wao hufuata baadaye, na wengi huondoka Aprili na mwanzoni mwa Mei. Kabla ya kuondoka hula hadi wakawa mviringo kama maandazi, kwa kuwa mafuta hayo ndiyo petroli ya safari. Ndege aliyekosa tope zuri mwezi wa Machi huenda asifike.

Mdomo wenyewe ni chombo cha ajabu. Ncha yake imejaa vishimo vidogo vyenye mishipa ya fahamu, kwa hiyo ndege huhisi kama wewe unavyotafuta sarafu gizani ndani ya mkoba. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi walieleza jinsi ndege mmoja wa jamii ya vitwitwi anavyotambua kome aliyefukiwa bila hata kumgusa. Anaposukuma mdomo kwenye mchanga uliolowa, maji yaliyo kati ya chembe husukumwa. Yakikuta kitu kigumu yanakwama, na mdomo unahisi msukumo huo umebadilika. Kwenye mchanga mkavu ufundi huo haufanyi kazi hata kidogo.

Na mchanga ukichanganyika na tope? Huko California, Marekani, jaribio lililochapishwa mwaka 1982 lilikuwa rahisi kama mchezo wa watoto: mtafiti alitandaza mchanga kidogo juu ya vipande vya tope na kuviacha vingine vilivyo. Ndege wenye kudunga walipunguza kula pale palipotandazwa mchanga. Sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kula wali wenye mawe. Chembe za mchanga zinakaribiana kwa ukubwa na vidudu wanavyovitafuta, na kuvichambua kunachosha. Hiyo ndiyo siri ya ule mstari niliouona Sabaki. Mita mbili tu za tofauti ya udongo, na sahani imebadilika.

Kuna hata wanaokula tope lenyewe, au tuseme utando wake. Ule mng'ao ulionidanganya hutokana na maji, lakini tope lenye afya pia hufunikwa na utelezi mwembamba wa vijimea na vijidudu. Mwaka 2008 watafiti katika mlango wa mto Fraser, Kanada, waligundua kwamba kitwitwi mmoja wa pwani hiyo hupata karibu nusu ya chakula chake kwa kulamba utelezi huo kwa ulimi wenye vinyweleo. Mpwa wangu alipoelezwa hayo alisema hatalalamikia sukuma wiki tena. Nangoja kuona.

Waliokuwa juu ya mchanga nao walikuwa na kazi zao. Kundi la ndege weupe weupe lilikuwa likikimbizana na mawimbi, wimbi likirudi wanashuka nalo kuokota kilichofukuliwa, wimbi likija wanapanda mbio bila kulowa. Juu zaidi, kwenye fungu, shakwe walikuwa wamepumzika wote wakielekea upepo. Hao hawakuja kula mchangani. Wao huvua baharini na hulitaka fungu kwa sababu ni pakavu na adui huonekana kutoka mbali. Ndani ya kidimbwi cha maji ya kina kifupi walisimama heroe kadhaa, wakikoroga tope kwa miguu na kulichuja kwa mdomo uliogeuzwa juu chini, kama mama anayechuja tui la nazi. Kijana akatuambia kwamba tungekuja Agosti tungewaona pia ndege wa mabawa marefu wanaozaliana Bukini na kuja pwani hii kati ya Aprili na Septemba. Hao hukamata wadudu hewani, na fungu la Sabaki ni kitanda chao tu.

Siku ya pili tulishuka kusini hadi Mida, karibu na Watamu na magofu ya Gede. Nilitaka kulinganisha.

Mida ni hori, mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi ukazungukwa na mikoko, na upo chini ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968. Tofauti yake na Sabaki utaiona kabla ya kuuliza: maji ni ya kijani na buluu. Hakuna mto unaoingia Mida. Maji matamu huvuja tu kutoka ardhini kupitia miamba ya matumbawe. Kwa hiyo hakuna udongo mwekundu wa bara. Mchanga wake ni mavumbi ya matumbawe na kombe zilizosagwa, na tope lake la kijivu hukaa karibu na mikoko, pale majani yanapooza na mizizi inapotuliza maji.

Na wageni waliokaa mezani nao ni wengine. Uwanja mpana wa mchanga uliolowa ni wa mla kaa, ndege mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama kisu cha kupasulia nazi. Yeye hadungi. Hutembea polepole, husimama, kisha hutimua mbio na kumnyakua kaa kabla hajaingia shimoni. Anahitaji mahali panapokimbilika, na kaa nao wanahitaji mchanga wenye unyevu unaosimama usiporomoke wanapochimba. Ukiongeza tope jingi hapo, mbio hizo zinakwisha.

Huyu mla kaa ana uhusiano na mchanga hata katika uzazi. Hutaga kwenye fukwe za Oman, Ghuba, Eritrea na Somalia, tena si juu ya ardhi. Huchimba handaki mchangani, akataga yai moja jeupe huko chini, na joto la mchanga humsaidia kulea. Hakuna ndege mwingine wa jamii ya waogelea tope na fukwe anayefanya hivyo. Kisha huja kwetu na mtoto wake, na hata akiwa Mida utamwona kijana mkubwa wa kimo cha mzazi akimfuata mamaye akilia apewe kaa. Mama mmoja aliyekuwa nasi darajani, na watoto wake watatu, akasema, "Hata ndege wana wa kuhitimu wasioondoka nyumbani!" Tukaangua kicheko, ndege wakashtuka.

Karibu na mikoko, penye tope zito, walikuwa sululu. Mdomo wao mrefu uliopinda huingia kwenye shimo la kaa kama ufunguo kwenye kufuli. Kitwitwi mwingine mwenye mdomo uliopinda kwenda juu alikuwa akikimbia huku na huko ameinama kama aliyepoteza pete. Penye vipande vya mawe na makombe alikuwapo mpindua mawe, jina lake likitosha kueleza kazi yake. Kila mmoja na udongo wake. Kutoka juu ya daraja la mbao linaloning'inia hadi kwenye kibanda cha kutazamia, unaweza kuichora ramani ya tope na mchanga wa Mida bila kushuka, kwa kutazama tu nani amesimama wapi.

Daraja hilo, kwa taarifa yako, ni la shirika la A Rocha Kenya, na kiingilio unacholipa huingia katika mpango wa ASSETS, ulioanzishwa mwaka 2001, unaowasaidia karo ya sekondari watoto wa vijiji vinavyopakana na hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukilipa usinung'unike. Na upande wa Dabaso kuna mkahawa wa wenyeji uliojengwa juu ya mikoko, ambapo nasi watu tulikula kaa wetu. Mpwa wangu alimtazama wake kwa muda mrefu kabla ya kumvunja.

Sasa kuna jambo lililonisumbua njiani kurudi, na sikulipatia dawa.

Kwetu ni Machakos. Nilipokuwa mdogo, babu yangu alikuwa akituamsha alfajiri kurekebisha matuta ya fanya juu, yale unayochimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu ili mvua isiteremke na shamba. Tuliichukia kazi hiyo. Yeye alikuwa akisema mvua ya kwanza ni mwizi, ukilala inachukua. Alizaliwa katika miaka ya 1930, wakati vilima vya kwetu vilikuwa vimevuliwa nguo na mmomonyoko. Hakuwahi kuiona bahari. Mito midogo ya kwetu huishia Athi, na Athi ndio Sabaki, basi huenda udongo uliomeza ndara yangu uliwahi kuwa na mahindi ya mtu ninayemjua.

Kwamba udongo wa bara umekuwa ukimiminika baharini kwa wingi si hadithi ya wazee tu. Katika matumbawe ya Malindi kuna jiwe moja la zaidi ya miaka 300 ambalo wanasayansi walilisoma tabaka kwa tabaka, kama pete za mti, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Alama za udongo wa mto zilikuwa chache kwa muda mrefu, kisha zikapanda mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi ya bara ilipoanza kufyekwa na kulimwa kwa namna mpya. Tangu hapo mto umekuwa ukibeba mamilioni ya tani.

Mzigo huo umempa mmoja na kumnyang'anya mwingine. Wakati wa kaskazi mkondo husukuma tope kusini hadi ghuba ya Malindi, na maji ya mbele ya hoteli hugeuka kahawia. Wakati wa kusi hulipeleka upande wa Mambrui na Ngomeni. Ufuo wa Malindi umejaa na kupanuka hata bahari ikasogea mbali na baadhi ya majengo yaliyojengwa ukingoni, na mchanga wake humetameta kwa chembe za ulanga zilizoletwa na mto. Matumbawe na majani ya bahari hayalipendi tope hata kidogo, kwa kuwa linawanyima mwanga na kuwafunika. Mvuvi wa miambani analilaani. Kitwitwi wa Siberia anashukuru. Na mkulima wa Machakos ndiye aliyelipa karamu yote.

Nilimwuliza yule mzee wa chambo angependa nini, tope liongezeke au lipungue. Akafikiri, akaosha mikono katika ndoo.

"Mwanangu, tope likija pole pole, minyoo hupanda nalo. Likija lote kwa usiku mmoja, mafuriko yale makubwa, minyoo hufa chini na mimi hukaa wiki sina chambo. Na ndege nao huhama."

Hilo nimelifikiria sana. Mto ukifurika, kama ilivyotokea kwa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, unaweza kushusha tabaka nene kwa siku chache na kuwafukia wakazi wa tope. Lakini mto ukizuiwa nako kuna bei. Mabwawa hushika udongo kabla haujateremka. Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 kwenye mto Athi, limekusudiwa kuwapa maji na umeme watu wa Makueni na Kitui, na hakuna anayewajua watu wa huko atakayewanyima maji. Ila udongo utakaotuama nyuma ya ukuta wake hautafika Sabaki. Kwanza utakwama mchanga, ulio mzito, na ule laini utapita zaidi. Uwanja wa ndege ukibadilika kwa mita mbili za mchanga, itakuwaje mto mzima ukibadili mchanganyiko wake?

Ukitaka kwenda, msomaji, haya ndiyo ya kuzingatia. Malindi ni kilomita 120 hivi kutoka Mombasa, na matatu ni nyingi. Nenda kati ya Septemba na Aprili ukitaka kuwaona wageni wa kaskazini. Uliza kwanza saa za maji, kwani mambo yote huko huenda kwa maji wala si kwa saa ya ukutani. Wakati wa bamvua uwanja hufunuka mpana na ndege hutawanyika mbali. Mida ni bora kufika maji yanapoanza kujaa, ndege wanaposukumwa kuelekea ulipo, na ukumbuke kwamba maji huchelewa kidogo kuingia ndani ya hori kuliko baharini. Beba darubini, kofia na maji ya kunywa. Chukua kijana wa hapo akuongoze. Anajua viboko walipo. Usiwakimbize ndege kwa ajili ya picha, hasa Machi na Aprili, kwa kuwa kila wanaporuka wanachoma mafuta waliyoyatafuta wiki nzima.

Na mzee akikuambia ukanyage penye mistari, kanyaga penye mistari. Mimi nilirejea Malindi kwa tuktuk nikiwa na mguu mmoja peku, dereva akiwa ametandika gazeti la juzi chini ili nisimchafulie, na mpwa wangu akihesabu katika daftari lake aina za ndege alizoziona: kumi na saba, na ya kumi na nane ameiwekea alama ya kuuliza.